Yule Anayekaa Nyuma: maongezi yangu na vijana wa bendi kuhusu Kingsmen na Louie Louie

Kwa wale mliokosa Jumamosi, hiki hapa. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, mjukuu wangu akaandika, mi nikasahihisha majina tu na kutoa pale nilipokohoa.

Wazee wenzangu hamjambo? Kina mama? Vijana nasubiri shikamoo yangu. (kicheko) Marahaba, marahaba. Naona wengine mmekuja na fimbo za dramu mkononi kama mnaenda kuchunga ng'ombe, hao ndo wageni wangu leo, njooni mkae mbele. Maisha yenu yote mtakaa nyuma, leo kaeni mbele.

Naanza na mtihani mdogo. Nani anaweza kunitajia waimbaji watano wa muziki wa dansi? Naona mikono mingi. Sawa. Wapiga solo watano? Mikono imepungua lakini ipo. Haya, wapiga dramu watano. Watatu basi. Mmoja? Wee binti umenitaja mimi kwa sababu nimesimama mbele yako, hilo silihesabu.

Mnaona sasa. Mi nimepiga dramu miaka ishirini na mbili na nakwambieni migongo ya waimbaji naijua kuliko sura zao, ukiniletea picha ya mgongo wa mtu niliyefanya naye kazi nakutajia jina lake na jina la fundi aliyemshonea shati. Na bendi ikiharibika, mwimbaji anafanyaje? Anageuka nyuma. Akikosea mpiga besi anageuka nyuma, akisahau maneno anageuka nyuma, umeme ukikatika mtaa mzima, anageuka nyuma ananitazama mimi kama mi ndo nimekata umeme.

Lakini leo sikuja kujisimulia. Nataka niwapeleke mbali, Portland, jimbo la Oregon, kule juu pwani ya magharibi ya Marekani, mwaka 1963, kwenye bendi ya vijana inaitwa The Kingsmen. Nasema vijana, wengine watoto kabisa, mpapasa kinanda Don Gallucci alikuwa hajatimiza hata miaka 16. Solo anapiga Mike Mitchell, besi Bob Nordby, gitaa na sauti Jack Ely, na huku nyuma, kwenye kile kiti chetu, Lynn Easton. Ely na Easton wamekua pamoja tangu wadogo, hilo liwekeni pembeni, tutalirudia.

Walikuwa na wimbo mmoja unaowapagawisha vijana wenzao ukumbini, Louie Louie. Haukuwa wao. Aliutunga mwanamuziki mweusi wa Los Angeles, Richard Berry, mwaka 1955, akautoa kwenye santuri mwaka 1957 na haukwenda mbali. Mwaka huohuo akauza haki zake kwa dola 750 kwa sababu alitaka kuoa. Jamani harusi! Harusi imekula haki za watu tangu zamani. Na ule mdundo Berry aliutoa wapi? Aliusikia kwenye cha-cha-cha ya René Touzet, mpiga piano wa Kicuba. Cha-cha-cha hiyohiyo ya Wakuba iliyovuka maji ikafika Kongo na ikafika kwetu kwenye santuri, ambayo baba zenu na babu zenu wameichezea mpaka soli za viatu zikaisha. Kwa hiyo mtu akikwambia rock ni muziki wa wazungu tu, mwambie apige hesabu upya.

Na ni kuhusu hesabu hasa ndo nataka mnisikilize. Kingsmen waliujua wimbo kupitia toleo la mwaka 1961 la Rockin' Robin Roberts na Wailers. Msinipigie kelele, sio Wailers wa Bob Marley, hawa ni Wailers wa Tacoma, jimbo la Washington. Ely akaushika kwa kichwa, akaenda kuwafundisha wenzake, na akakosea. Akawafundisha hivi, pigeni meza na mimi: moja mbili tatu, moja mbili. Moja mbili tatu, moja mbili. Tena! Mnaisikia inavyochechemea? Kwenye toleo la Wailers ile tatu ilikuwa nne. Yule kijana alimeza pigo moja njiani, na lile pigo alilolimeza ndilo lililoufanya wimbo uende kama gari lenye tairi moja dogo. Hutaki kuliacha, unataka kuliona linafika wapi.

Haya. Tarehe 6 Aprili 1963 wakaingia studio. Lengo ni nini? Kuwa mastaa? Wapi. Walitaka demo ya kuombea kazi ya kupiga muziki kwenye meli ya abiria. Gharama inayotajwa ni kama dola 50. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wameupiga huohuo wimbo ukumbini bila kuukata, inasimuliwa kama saa moja na nusu, wimbo mmoja! Kwa hiyo koo la Ely limeshakwisha. Mdomoni ana waya wa kunyooshea meno. Na meneja wao Ken Chase, mtangazaji wa redio huyo, alitaka isikike kama laivu, basi maiki ya mwimbaji ikaning'inia juu karibu na dari, kijana kasimama kwa ncha za vidole, shingo kaivuta kama jogoo anayetaka kuwika, anaimba kuelekea juu, huku amezungukwa na spika na dramu.

Sasa mwimbe nyie hapo mnieleweshe mnasema nini.

Wakapiga mara moja. Moja tu. Na humo ndani kuna vitu viwili vya mpiga dramu ambavyo nimevifuatilia miaka.

Cha kwanza. Mitchell anamaliza solo, Ely anaingia na ubeti wa tatu lakini amewahi, hesabu hazijatimia. Anashtuka, anakata. Sasa hapo pana shimo. Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti kile analijua hilo shimo, tumbo linakuwa la baridi, kila mtu anamtazama kila mtu. Easton hakusimamisha, akalijaza kwa dramu, akazungusha ngoma zake, Ely akapata pa kuingilia na safari ikaendelea. Sekunde chache tu. Hivi mnajua bendi zilizourudia ule wimbo baadaye, nyingine zimeiga na lile kosa? Wamekaa mazoezini wakajifunza kukosea palepale na kuokolewa palepale.

Mi liliwahi kunikuta la namna hiyo, kwenye harusi, hoteli fulani siitaji. Mwimbaji kasahau ubeti wa bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe yuko mbele yake na noti mkononi. Nikazungusha. Nikazungusha tena. Nimezungusha mpaka mkono wa kushoto ukawa hauna habari na mimi, ndo akakumbuka. Usiku ule mwimbaji alitunzwa mpaka mifuko ikajaa, mi nikaitwa pembeni na mwenye hoteli nikaambiwa mzee leo umepiga kelele sana. (kicheko)

Cha pili. Mapema kidogo kwenye wimbo, kama sekunde ya 54, fimbo zinamharibikia Easton na anaropoka tusi. Tusi zima, lile la Kiingereza la herufi nne. Maiki ikalidaka kwa mbali. Ndivyo inavyosimuliwa, na masikio yangu yanakubali. Likumbukeni hilo tusi, tusi la mpiga dramu, sio la mwimbaji.

Basi santuri ikatoka mwezi Mei kwa lebo ndogo ya ukanda wa kwao, Jerden. Kimya. Wiki ileile waliyorekodi wao, Paul Revere and the Raiders nao waliingia studio ileile wakarekodi wimbo uleule, na kule magharibi wao ndo walikuwa wanawazidi. Kingsmen wamekufa kifo cha kawaida cha bendi. Mwezi Agosti ndo likatokea lile nililowaambia mliweke pembeni.

Mpiga dramu akachoka kukaa nyuma.

Easton siku hiyo anawaambia wenzake, kuanzia leo naimba mimi, mbele nasimama mimi, Ely nenda kwenye dramu. Ely akakataa, nani asingekataa. Easton akatoa karatasi: jina The Kingsmen limesajiliwa, na ni lake yeye peke yake, mama yake ndo alikuwa ameshughulikia usajili. Ely akaondoka, Nordby akaondoka. Watu wamekua pamoja jamani! Wamecheza pamoja utotoni! Karatasi moja.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Mi ni mpiga dramu, nilitamani nimtetee mwenzangu, na maumivu yake nayajua, nani hapa hajawahi kutamani kusimama mbele hata siku moja? Lakini alikosea. Tena alikosea vibaya kwa sababu wiki chache baadaye yule mfu akafufuka. Huko Boston mtangazaji Arnie Ginsburg aliupiga kwenye kipindi chake cha santuri mbovu kuliko zote za wiki, alikuwa anaukejeli, na simu zikaanza kumiminika, watu wanauliza tunaununua wapi. Lebo ya Wand ya New York ikauchukua, na Desemba 1963, wiki chache baada ya Rais Kennedy kuuawa, Louie Louie uko namba 2 chati ya Billboard nchi nzima. Namba 1 alikuwa nani? Mtawa! Sista wa Ubelgiji na gitaa lake, anaimba Dominique. Sijui nani angeweza kulitunga hilo.

Kwa hiyo taifa zima linapiga kelele kwa sauti ya Ely, na Ely hayumo. Kwenye televisheni anasimama Easton, anafungua na kufunga mdomo, inatoka sauti ya mtu aliyemfukuza. Unalala vipi usiku? Baadaye wanasheria wakaingia, Ely akazuiwa kutumia jina la Kingsmen kwenye bendi yake nyingine, ila santuri zilizofuata zikabidi ziandike kwamba sauti ni ya Jack Ely. Herufi ndogo. Mwisho Ely aliishia kufundisha farasi huko Oregon.

Tuje kwenye sakata lenyewe maana naona wengine mmekuja kwa ajili ya hilo tu.

Maneno hayaeleweki, si ndiyo? Sasa watoto wa shule wakisikia kitu hakieleweki wanakijaza wenyewe. Vikaanza kutembea vikaratasi, vimeandikwa kwa mkono, hivi ndivyo Louie Louie inavyosema, na ni machafu hasa, na kila kikaratasi kina machafu yake. Wazazi wakavikuta kwenye madaftari. Mapema mwaka 1964 gavana wa Indiana, Matthew Welsh, akasema ule wimbo ulimwasha masikio, akaviomba vituo vya redio vya jimbo lake visiupige. Mzazi mmoja akamwandikia Mwanasheria Mkuu wa serikali, Robert Kennedy, mdogo wake rais aliyeuawa miezi michache tu nyuma. Yani mtu ana msiba wa taifa, unamletea santuri.

FBI wakaingia kazini. Msicheke, ni kweli. Maabara ya upelelezi ya taifa kubwa kuliko yote, wakati kuna vita baridi, wako kwenye meza wanazungusha santuri ya watoto wa Portland, spidi 45, haieleweki, punguza mpaka 33, haieleweki, pandisha 78, ndo kabisa kama panya. Uchunguzi ulikwenda miezi 31. Faili likapita kurasa 100. Jibu lao la mwisho ni kwamba wimbo haueleweki kwa spidi yoyote ile, kwa hiyo hakuna kesi. Wenye haki za wimbo nao wakatangaza dola 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kuna tusi kwenye maneno, na wimbo huku unazidi kuuzwa.

Na maneno ya kweli yalikuwa yanasema nini? Baharia wa Jamaika kakaa baa, anamwambia muuza baa, Louie, inabidi niondoke, mpenzi wangu ananisubiri ng'ambo ya maji. Basi! Hayo ndo matusi. Hayo si wazee wetu wa pwani wameyaimba kwenye taarab wakati mjomba wenu yuko jahazini?

Sasa niambieni vijana. Miezi 31 wanatafuta tusi. Wanalitafuta wapi? Mdomoni mwa mwimbaji. Maana kila mtu anamtazama wa mbele. Na tusi la kweli, lile moja, limekaa sekunde ya 54 limetulia zake kwa mpiga dramu, na mle kwenye majibu yao halimo. Nikiwa na hasira na kazi hii nakumbuka hilo nacheka peke yangu, mke wangu ananiuliza una nini.

Kuna mpiga dramu mwingine kwenye hii habari na huyu ndo nampenda. Easton alipokwenda mbele kiti kilibaki wazi, akakaa mwingine muda mfupi, halafu akaja Dick Peterson, kijana wa hukohuko Portland. Santuri imeshapigwa, yeye hayumo hata pigo moja. Kazi yake ni kuzunguka mji kwa mji kupiga kitu alichopiga mwenzake, na watu wamekuja kusikia kama ilivyo kwenye santuri, pamoja na lile shimo na lile la kuliziba. Fikiria hiyo kazi, kila usiku unatengeneza kosa ambalo hukulifanya, na ukilipiga sahihi watu wanasema leo mmekosea. Easton mwenyewe aliondoka mwaka 1967. Peterson akabaki. Miaka ya 70 ikapita, ya 80 ikapita, Peterson yupo na fimbo zake.

Hela je? Hapa vijana ndo mfungue masikio. Mwaka 1968 kulikuwa na mkataba, bendi inaachia masta zake, yaani zile rekodi asilia za studio, na kwa kubadilishana itapata asilimia 9 ya mapato. Asilimia 9 sio mbaya kwa wakati ule. Mnajua walilipwa kiasi gani? Hebu bahatisha. Hapana. Hapana. Sifuri. Masta zikauzwa kwa kampuni nyingine, wimbo uko redioni, uko kwenye kanda, uko kwenye makusanyiko ya nyimbo za zamani, na bendi haikupata hata senti, miaka inakwenda kwenye 30.

Mwaka 1993 wakaenda mahakamani. Hawakwenda kuomba zile asilimia 9, walikwenda kuomba mkataba mzima uvunjwe warudishiwe masta zao. Wenye kampuni wakajitetea kwamba mmechelewa, mlinyamaza miaka yote hiyo. Mahakama ikasema kila mwaka ambao hamkulipa ni kosa jipya. Wakakata rufaa, 1998 mahakama ya rufaa ikakaza palepale, mwaka huohuo Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza. Masta zikarudi kwa bendi pamoja na mapato ya tangu siku waliyofungua kesi, ile ya nyuma ikawa imeliwa. Na hiyo kesi, vijana wa sheria mnaoisoma huko vyuoni, inaitwa kwa jina gani? Haiitwi Ely. Haiitwi Easton. Inaitwa Peterson. Mpiga dramu!

Nilipoijua habari hiyo nilikwenda kabatini nikatoa mikataba yangu yote. Ilikuwa miwili. Mmoja umeliwa na mchwa, mwingine sehemu ya asilimia ya mirabaha imeachwa wazi, haijajazwa, nimesaini chini yake kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwandiko nilikuwa nao. Aliyenipa kalamu simtaji, alishafariki, Mungu amrehemu, na nilimpigia kwenye hitma yake. Hapana jamani, sikupiga dramu kwenye hitma, msianze. Nilimaanisha nilimpigia simu mwanawe kutoa pole.

Berry, yule aliyeuza kwa ajili ya harusi, na yeye miaka ya 80 alipata sehemu ya haki zake na hela ya maana, akaila kama miaka kumi hivi, akafariki Januari 1997. Ely alifariki mwaka 2015, Aprili. Easton 2020, Aprili. Mitchell yule wa solo, aliyebaki kwenye bendi muda wote, 2021, Aprili tena. Na walirekodi Aprili. Sisemi kitu, nawapa tarehe tu.

Naona mwenye ukumbi ananionyesha saa. Namaliza bwana, namaliza. Kijana wa mitambo, ule wimbo umeupata? Weka, lakini besi punguza kidogo, hayo maspika yako yanapiga kelele kuliko mimi wa ile harusi. Ni dakika mbili na ushee tu. Naomba ukumbi kimya, simu zima. Mwimbaji msimsikilize kabisa, achaneni naye. Sikilizeni nyuma. Ikikaribia dakika moja, atakayelisikia anyooshe mkono, asilitamke, kuna wazee hapa.

Haya, piga.